Kisigino Hugeukia Kushoto

Jumapili, 9 Februari

Kaka,

Usiucheke mwandiko huu. Vidole havikunjiki, na bega la kulia limegoma kabisa.

Nimejiunga na jimu. Ipo ghorofani, juu ya duka la magodoro, na ngazi zake peke yake ni adhabu tosha. Wanafundisha ule mchezo wako wa zamani, wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka ndani ya kizimba. Nilidhani siku ya kwanza nitavalishwa glavu nimpasue mtu. Wapi! Kocha alitupa kamba turuke. Tukaja kwenye kulala kifudifudi na kuinuka, kulala na kuinuka, hadi nikaona nyota mchana kweupe. Halafu tukalazwa chali, tujivute kwa nyonga kutoka ukuta huu hadi ule kama viwavi. Mwenzetu mmoja, karani wa benki, alitapika kwenye ndoo, akaiomba ndoo radhi.

Kazini nako ni vichekesho. Unazijua pasi za dobi wetu zilivyo nzito. Juzi nilishindwa kuinyanyua, nikawa naisukuma tu, nikaunguza kola ya shati la watu. Bosi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo, kuanzia unyayo.

Lakini kaka, nina raha! Sijui nikuelezeje. Kocha anasema kabla mwaka haujafika nusu kutakuwa na siku ya wapya, kila mmoja apewe mpinzani kutoka jimu nyingine. Atakayepambana vizuri, hata kama atashindwa, anaingia kwenye timu. Na mmoja wetu atakabidhiwa darasa la wasichana wanaoanza. Darasa hilo nalitaka mimi. Tangu nimalize shule nimesimama mbele ya meza ya pasi, na sijawahi kukitaka kitu namna hii.

Mama usimwambie. Najua mnaishi pamoja na najua anavyojua kukukamua maneno. Akiuliza, mwambie nimejiunga na kwaya.

Kisigino wako


Jumamosi, 22 Februari

Kisigino,

Nimecheka hadi msimamizi akanifuata juu ya jukwaa la chuma kunusa kama nimekunywa. Wewe na kwaya! Mama mwenyewe anajua sauti yako inafukuza kunguru.

Haya, nisikilize. Jina la Kisigino hukupewa bure. Tangu ujue kutembea ulikuwa unanifuata nyuma mpaka nakukanyaga, na huku nako umenifuata. Kwa hiyo nitakufundisha kwa barua. Pumua kwa pua, mdomo ni wa kula. Kabla ya mazoezi usishibe. Shingo, shingo, shingo: lala kitandani kichwa kikiwa nje ya ukingo, kinyanyue na kukishusha taratibu. Mtu mpya haumizwi na ngumi, anaumizwa na haraka. Ukichoka, sema umechoka. Hakuna aliyewahi kuzikwa kwa kusema hivyo.

Mimi nipo. Jicho la kushoto ni lilelile la ukungu, cheche za kuchomelea hazina adabu. Mama hajambo na hajui lolote.

Niandikie kila kitu. Hata vidogo. Hasa vidogo.

Kaka yako


Jumapili, 6 Aprili

Kaka,

Kamba sasa naruka huku napiga soga. Shingo imenenepa, blauzi zimeanza kulalamika. Karani wa benki hatapiki tena, ila bado anaibeba ndoo yake kama mkoba.

Lakini nina ugonjwa mmoja, na dawa unayo wewe. Nikisukumwa hadi kwenye uzio, nikizidiwa, mwili wangu unageuka wenyewe. Nageukia kushoto, nampa mtu mgongo, najikunja. Kocha anapiga kelele mpaka mishipa inamtoka: "Mgongo ni shingo! Ukimpa mgongo umempa shingo, akukabe!" Nami nasikia, lakini mwili hausikii.

Nimejua umetoka wapi. Unakumbuka godoro la chumba cha nyuma? Mieleka yetu ilikuwa na sheria moja: nikichoka nageuka, najikunja, nawe unaacha hapohapo. Hukuwahi kuivunja hata mara moja, hata ulipokuwa na hasira. Basi mwili wangu unadhani dunia nzima ina sheria ile. Kocha anataka tukae wiki nzima kwenye zoezi hilo tu, nisukumwe kila upande hadi niache kugeuka. Wewe unasemaje? Neno lako ndilo nitakalolifuata.

Jingine, kaa chini kwanza. Nimepewa mpinzani! Ni mpya kama mimi, na anatoka mji huohuo uliko wewe. Kwao wanamwita Msusi, maana anasuka nywele sokoni, na jimu yao iko nyuma ya stendi. Kaka, nenda kanichungulie. Jifanye unatafuta mazoezi ya kupunguza tumbo, huna haja ya kujifanya sana. Niambie anapiga vipi, anaogopa nini.

Siku yenyewe ni tarehe thelathini na moja mwezi wa tano. Naiwaza hata nikiwa nakunja suruali za watu.

Kisigino wako


Jumapili, 20 Aprili

Kisigino,

Nimekwenda. Tumbo langu limepokelewa kwa heshima zote.

Msusi ni msichana mrefu, mpole, mikono yake myepesi. Kazi yake ni ngumi za juu, za kurusha kutoka mbali. Chini kwenye mkeka hajui kitu, kukaba hajui kabisa. Kwa hiyo usipoteze muda kwa mambo ya shingo. Jilinde uso, basi.

Na hilo la kugeuka, usiliguse. Kocha wako ni mwalimu mzuri lakini hakukulea. Mwili una akili yake. Ukianza kuubishia wiki chache kabla ya pambano utajikuta hujui la zamani wala jipya, umebaki katikati kama mtu aliyevua shati la zamani kabla jipya halijakauka. Geuka tu. Geuka, jikunje, pumzika kidogo, halafu rudi. Yeye si mkabaji, atakufanya nini?

Mama anakusalimu. Anauliza kwaya inaendeleaje.

Kaka yako


Jumatano, 28 Mei

Kaka,

Nakuandikia haraka, mchana, nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka.

Nimegombana na Kocha. Aliniambia mara ya mwisho tufanye lile zoezi la uzio, nikakataa. Nikamwambia kaka yangu amesema. Sasa jimu nzima wananitania, mtu akiambiwa anyanyue mguu anajibu "kaka yangu amesema." Kocha hakucheka. Alisema, "Sawa, siku hiyo kaka yako ndiye atakayekuwa kwenye kona yako." Nikamwambia laiti angekuwepo.

Ungeweza kuja? Najua kazi haikuruhusu. Nimeuliza tu.

Siogopi. Kwa kweli naogopa, lakini najua wewe umeshaniangalizia njia, na hiyo inanitosha.

Kisigino wako


Jumatatu, 2 Juni

Kaka,

Nimeshindwa. Raundi ya kwanza, hata haijafika nusu.

Hakurusha ngumi za juu. Hata moja! Alinifuata moja kwa moja, akanisukuma mpaka uzioni, akaweka kichwa chake chini ya kidevu changu, akangoja. Nakuambia alikuwa anangoja, kaka. Kocha wake alikuwa anasema taratibu tu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: "Subiri. Subiri. Sasa." Nikageuka. Mkono wake ulikuwa umeshafika kabla shingo yangu haijafika. Nikagonga mkeka kukiri nimeshindwa, refa akamtoa.

Watu walikuwa bado wanatafuta viti.

Kocha alinivua glavu bila kuniangalia. Darasa la wasichana amepewa karani wa benki. Ni mwenzangu na alipigana vizuri, alitokwa damu puani akaendelea, kwa hiyo sina la kusema. Mimi nimeambiwa nikitaka nirudi kwa wanaoanza, nyuma kabisa, na watu waliokuja wiki iliyopita.

Usijilaumu kwa kumsoma vibaya. Labda aliubadili mchezo baada ya wewe kumwona. Nashindwa tu kuelewa alijuaje. Nimewaza hadi kichwa kinauma. Kushoto! Alijua hadi upande.

Kisigino wako


Jumapili, 8 Juni

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaenda kukaa.

Kushindwa si kufa. Na usitafute alijuaje, mchezo huu ndivyo ulivyo, wengine wana bahati ya kuotea. Jambo la maana ni kwamba uko mzima, meno yako yote yapo, macho yote mawili yanaona.

Labda hii ni ishara. Sikwambii kama kocha, nakwambia kama kaka: umejaribu, umeona, inatosha. Njoo huku ukae nasi. Mama ameshaongea na mwenye duka la vitambaa, anahitaji msichana mwaminifu. Chumba cha uani tumekipaka rangi. Mama amekinunulia pazia tangu mwezi wa tano, la maua, unavyopenda.

Njoo, Kisigino.

Kaka yako


Jumamosi, 28 Juni

Kaka,

Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Nataka ulijue hilo kwanza. Bosi nilishamuaga.

Jana mchana Msusi alikuja kazini kwangu. Nilidhani ameleta nguo. Alisimama pale mlangoni mikono nyuma, mrefu vile, anaona haya kama mkwe. Akasema, "Dada, nimekuja kukuomba radhi." Nikacheka, nikamwambia ushindi hauombewi radhi. Akasema, "Huu unaombewa."

"Kaka yako," akasema, "alikuja jimu kwetu. Alivaa glavu akajifanya wewe."

Nilikuwa nimeshika pasi. Niliiweka chini. Nikamwuliza alijifanya mimi vipi. Akanionyesha hapohapo, mbele ya wateja. Anavyoinua bega la kulia kama mimi. Anavyorudi nyuma kwa hatua fupi kama mimi. Halafu anageuka kushoto na kujikunja. Alisema mlirudia siku nyingi, "Tena, tena, usingoje, mkono utangulie," mpaka akaweza kufanya amefumba macho. Kocha wao alifurahi. Msusi mwenyewe hakuuliza kwa nini kaka mtu anamuuza dada yake namna hiyo. Anasema ilimpasa aulize.

Kaka, mimi nilikutuma ukanichungulie. Nilikutuma wewe!

Nasubiri uniambie kwamba Msusi ni mwongo. Niandikie upesi. Niko tayari kukuamini, nakuapia, hata ukinidanganya vibaya.

Kisigino


Jumamosi, 5 Julai

Mdogo wangu,

Msusi si mwongo.

Mama alijua tangu Februari. Sikumwambia kwa hiari, aliiona barua yako mfukoni mwangu na akanifanya nimsomee. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akasema, "Mmoja amenitosha. Huyu mtoe, sijui utafanyaje, mtoe."

Jicho langu si cheche. Ni kiwiko cha mtu, kwenye mazoezi tu, wala si pambano. Nilikuwa na umri ulio nao wewe sasa. Mama alinilisha kwa mkono mwezi mzima, nimefungwa macho yote mawili, na wewe tukakupeleka kwa shangazi ukaambiwa ni moto wa kuchomelea. Siku hizi nachomelea kwa kukisia. Msimamizi hajui. Jicho la pili nalo limeanza.

Sasa ningekufanyaje? Nikikukataza, ungekaza. Wewe nakujua, ukikatazwa kupita mlangoni unapita dirishani. Nikaona bora ushindwe mapema, tena kwa usafi, bila damu wala kiwiko. Nilimwambia Msusi, mkabe, asigongwe uso, na akigonga mkeka mwachie mara moja. Nilimchagulia njia isiyouma. Nilikuwepo siku ile, nilikaa safu ya nyuma nimevaa kofia. Ulipogonga nilitoka nje nikalia kama mtoto, kwa furaha kwamba yamekwisha.

Bora uangushwe na mimi ninayekupenda kuliko na mtu asiyekujua. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nisamehe au usinisamehe, lakini macho unayo.

Kaka yako


Alhamisi, 17 Julai

Kaka,

Panya huuma huku anapuliza. Nilikuwa nausikia msemo huo nikidhani ni wa watu wengine.

Ulikuwepo! Nilikuuliza kama ungeweza kuja, hukunijibu, kumbe umekaa safu ya nyuma na kofia. Mimi nilikuwa nimesimama pale kabla ya kengele, nawaza, kaka angekuwepo angeniambia nipumue kwa pua. Nikapumua kwa pua kwa ajili yako.

Unasema ulichagua njia isiyouma. Ngoja nikwambie ilivyokuwa, maana kutoka safu ya nyuma haionekani. Mkono ulipoingia shingoni sikugonga mara moja. Nilijikunja nikangoja. Nilikuwa nangoja aniachie. Pumzi imekata, masikio yanavuma, na mimi nimetulia kabisa, nina imani kwamba sasa hivi ataacha, kwa sababu nimegeuka, na mtu akigeuka anaachwa. Hivyo ndivyo ulivyonilea. Hicho kitu kimoja ulichonipa nikiwa mdogo, kizuri kuliko vyote, ndicho ulichokwenda kumfundisha mtu anikabe nacho.

Na Kocha alikuwa na dawa. Wiki moja tu ya kusukumwa. Nilimkataa mbele ya watu kwa sababu ya barua yako.

Lakini linaloniuma zaidi si hilo. Ungeniambia habari ya jicho! Ungeandika mistari miwili: Kisigino, upande huu sioni, ni kiwiko, naogopa. Ningevua glavu siku hiyohiyo, na wala nisingekasirika. Ningekuja huko kukushika mkono barabarani. Ulikuwa na ukweli mmoja ambao ungenitoa kizimbani bila mtu kunigusa, ukaukalia miaka yote hii. Ukweli wangu ndio uliouona mwepesi wa kugawa.

Mama mwambie pazia ampe mwingine. Sanduku nimelifungua.

Mdogo wako


Jumapili, 2 Novemba

Kisigino, mdogo wangu,

Barua zangu za nyuma hukujibu, na sikulaumu.

Nimepita sokoni kwa Msusi. Kaniambia mnaandikiana siku hizi. Kaniambia umerudi mazoezini, umeanzia nyuma kabisa na wapya, na kwamba Kocha sasa anakusukuma uzioni kila siku. Zaidi ya hapo amekataa kusema. Nilipomng'ang'ania alinikata, akasema, "Mwulize mwenyewe, mimi nilishasema ya kwangu." Akaendelea kusuka.

Basi nakuuliza mwenyewe. Una pambano jingine? Lini? Na nani? Amekuzidi uzito? Shingo ilipona? Nasikia kwa watu wa huko ulisimama kazi kwa siku kadhaa, uliumia? Ni uso? Ni macho, Kisigino? Niambie tu kama ni macho.

Huku jicho la pili limefifia. Barua hii ameiandika jirani, mimi nasema tu. Mama anakaa mlangoni kila anapopita mtu wa posta. Sikuombi uache. Sitakwambia tena uache. Nitukane barua nzima ukitaka, jirani atanisomea, sitaona aibu. Ila niandikie habari zako kama ulivyokuwa unaniandikia. Sina habari zako hata moja, na sikujua kwamba ndizo nilizokuwa naishi nazo.

Kaka yako


Jumapili, 30 Novemba

Kwa kaka mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba wewe na mama mu wazima. Mimi huku sijambo. Kazi zinaendelea vizuri. Mvua zimeanza, lakini si nyingi. Chakula ninakula. Pole kwa jicho.

Kuhusu mengine uliyouliza, hakuna jipya.

Mpe mama salamu nyingi, na jirani anayekusomea pia.

Ni mimi, mdogo wako